Jua la Utosi na Ufundi wa Kivuli

Vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya vina kanuni moja iliyorithiwa kutoka kwa wachoraji: ukitaka kupiga sura ya mtu vizuri, mkalishe karibu na dirisha la kaskazini. Kule London au Paris kanuni hiyo ina sababu. Jua la adhuhuri huko huwa upande wa kusini mwaka mzima, na dirisha la kaskazini hupokea nuru ya anga peke yake, nuru pole isiyobadilika sana tangu asubuhi hadi alasiri. Studio nyingi za karne ya 19 zilijengwa hivyo, paa la kioo likielekea kaskazini, na chini yake mapazia ya kuvuta ili fundi aongeze au apunguze mwanga kama apendavyo.

Ilete kanuni hiyo Unguja na itakuharibia kazi kwa nusu ya mwaka. Mji wa Zanzibar uko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi jua hupita juu ya utosi likielekea kaskazini, na tangu hapo hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linakaa upande huohuo wa kaskazini ambao kitabu kinauita salama. Ifikapo Juni na Julai linaingia dirishani na kuanguka sakafuni, na aliyekalishwa pale anakunja uso. Oktoba jua linavuka tena kurudi kusini, na dirisha la kaskazini linapoa. Mpiga picha wa pwani yetu basi hana dirisha moja la kudumu. Ana mawili, na mara mbili kwa mwaka anahamisha kiti.

Uhamaji huo ndio ninaotaka kuusifu. Watu wanapozungumza juu ya picha nzuri husifu kamera, au lenzi, au jicho la mpigaji. Mimi, kadiri ninavyokaa na wanaoifanya kazi hii kwa mwanga wa Mungu bila taa wala flashi, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ubora wao umo katika kitu ambacho wengi hawakioni kuwa ni ujuzi: wanajua kivuli kiko wapi leo, na kesho kutwa kitakuwa wapi.

Chukua kichochoro cha Mji Mkongwe kinachokwenda kutoka mashariki hadi magharibi. Tuseme upana wake ni mita 3, na nyumba za pande zote mbili zimesimama mita 12. Katikati ya Juni jua la adhuhuri liko nyuzi 60 tu kutoka upeo wa macho, upande wa kaskazini. Nyumba ya kaskazini inatupa kivuli cha karibu mita 7, kinachofunika njia yote na kuupanda ukuta wa pili. Ghorofa za juu za ukuta huo wa pili zinawaka jua, na kama umepakwa chokaa, unaimwaga nuru chini kichochoroni, nuru iliyopozwa na yenye joto kidogo la rangi. Hapo mtu anaweza kupigwa picha saa sita mchana na akatoka kama aliyepigwa asubuhi. Ila lazima auelekee ule ukuta wa kusini unaowaka. Akigeuzwa upande wa pili uso wake unakufa, ingawa hajasogea hata hatua moja.

Sasa njoo Desemba, mahali palepale. Jua liko kusini, na liko juu zaidi, nyuzi 73 hivi. Kivuli kimepungua hadi mita 3 na nusu na ushei. Njia bado imefunikwa. Lakini ukuta unaowaka juu sasa ni ule wa kaskazini, na mtu yuleyule anatakiwa kugeuka nyuma. Kati ya miezi hiyo miwili kuna siku chache za Machi na siku chache za Oktoba ambapo hakuna ukuta unaosaidia. Wiki ya kwanza ya Machi, yapata saa 6 na dakika 35 mchana, jua linatumbukia kichochoroni wima, kuta zote mbili zinakosa kivuli cha kutoa, na mpita njia anakikanyaga kivuli chake mwenyewe. Oktoba hali hiyo hutokea mapema, kama saa 6 na dakika 10, kwa kuwa saa ya ukutani na jua haviendi sawasawa mwaka mzima. Mpiga picha mzoefu huzijua siku hizo kama mvuvi ajuavyo bamvu. Hapangi kumpiga mtu picha nje saa sita. Anakwenda kula.

Milango nayo ina kalenda. Kila mgeni wa Unguja hupiga picha ya mlango wa nakshi, na nyingi ya picha hizo ni bapa. Nakshi ni mchezo wa kina: fundi seremala amechimba mti ili ukingo mmoja ushike mwanga na mwingine uangukie kivulini. Ukiupiga mlango ukiwa wote kivulini unapata ramani ya nakshi, hupati nakshi yenyewe. Unahitaji jua linalopita kwa kukwaruza, likitokea juu au ubavuni, kila jani na kila duara likitupa kivuli kidogo chini yake. Mlango ulioelekea kaskazini hupata jua hilo miezi ya katikati ya mwaka, na Juni mchana ndio wakati wake mtamu. Ulioelekea kusini, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi karibu na mwisho wa Septemba, hauguswi na jua hata dakika moja, si asubuhi, si adhuhuri, si jioni, maana kwa miezi yote hiyo jua huchomoza, hupanda na kuzama likiwa upande wa kaskazini. Aliyekuja Julai kwa ajili ya mlango huo amekuja wakati ambao hakuna ustadi wa kamera utakaomsaidia. Arudi Desemba.

Nasema haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo sehemu ya ufundi isiyonunuliwa dukani. Lenzi unaweza kuazima. Kujua kwamba mlango fulani wa mtaa fulani unaamka Novemba, hilo linataka uwe umeishi na mtaa.

Kivuli chenyewe nacho si kimoja. Kuna kivuli kizito cha ndani ya chumba, kuna kivuli chenye madoa chini ya mti, na kuna kile ambacho wapiga picha wa sura hukipenda kuliko vyote: ukingoni mwa kivuli, hatua moja au mbili kutoka mahali jua linapoanzia, uso ukielekea nje kwenye uwazi. Baraza ndiyo mahali pake. Juu kuna roshani au paa linalokata jua la utosi, lile linalochimba mashimo meusi machoni na kuning'iniza kivuli cha pua juu ya mdomo. Mbele kuna anga na ukuta wa jirani na ardhi yenye jua, vyote vikirudisha nuru usoni kutoka mbele na kutoka chini. Mpiga picha anamwambia bibi aliyekuja kupigwa picha na wajukuu, "Bibi, shikamoo. Niwie radhi, rudi nyuma kidogo. Kidogo tena. Hapohapo." Bibi anadhani amesogezwa ili aingie kwenye fremu. Kumbe amesogezwa nusu hatua kutoka mwanga uliosambaa mno, usio na umbo, hadi mahali ambapo shavu la upande wa ndani linaanza kuzama, na uso unapata mviringo wake.

Nusu hatua hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Mtu akikaa ukingoni kabisa, anga lote liko mbele yake na uso unang'aa sawasawa. Kila anapoingia ndani, kipande cha anga anachokiona kinapungua, mwanga unakuwa hafifu lakini unapata upande. Ndani zaidi, mlango peke yake ndio unaotoa nuru, na upande wa uso usioelekea mlangoni unaingia gizani. Baraza moja ina sura kumi za mwanga ndani ya mita 3, na fundi anachagua kati yake kwa kumsogeza mtu, si kwa kubonyeza kitu. Ukitaka kujua alichagua nini, tazama mboni za macho katika picha yoyote ya zamani: umbo la mlango au dirisha limebaki pale, doa dogo jeupe, na mahali pake panakuonyesha nuru ilitokea wapi.

Rangi za kivuli hudanganya jicho, lakini hazidanganyi filamu wala kamera ya dijitali. Kivuli kilicho wazi chini ya anga safi kina ubuluu, kwa kuwa kinachokiangaza ni anga lenyewe. Chini ya mwembe kila uso unaingia kijani, na ngozi inaonekana kama ya mgonjwa. Kanga nyekundu mabegani inapandisha wekundu kidevuni. Ukuta wa chokaa ndio rafiki mkubwa kuliko wote, kwa sababu hauongezi rangi ya kelele. Unarudisha ulichoupa, kikiwa kimelainika. Miji yetu ya kale ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa kwa sababu za ujenzi na za hali ya hewa, lakini mpiga picha anatembea ndani yake kama ndani ya studio aliyojengewa.

Nyumba za kale za Lamu zinanishangaza zaidi katika hilo. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita 2 na nusu hadi 3. Nuru inaingia kwenye kiwanda, ule ua wa katikati ulio wazi juu, kisha inapita msana wa kwanza, yaani chumba kirefu kilichofunguka uani, kisha wa pili, kisha inafika ndani kabisa, penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Kila inapovuka kizingiti inapungua. Lakini kuta ni nyeupe na zimesuguliwa, na zidaka za ukuta wa mwisho zimechongwa katika lipu safu juu ya safu, zikiishika nuru kidogo iliyobaki na kuigawa. Mkalishe mtu msana wa pili, uso kwenye kiwanda, nawe umpige ukiwa ubavuni mwake: shavu moja lina nuru ya mchana, jingine lina nuru ya kuazima iliyotoka kwenye zidaka, na nyuma yake kuna giza lenye kina ambalo hakuna kitambaa cha studio kinachoweza kuliiga. Wala huhitaji kuhangaika sana na miezi huko ndani. Kiwanda kinapokea jua kali juu na kukukabidhi chini nuru iliyokwisha kufunzwa adabu.

Hata historia ya sanaa hii inasomeka kwa kivuli: picha kongwe kuliko zote zilizosalia duniani zilizopigwa kwa kamera ni ile ya Joseph Nicéphore Niépce wa Ufaransa, ya mwaka 1826 au 1827, iliyopigwa kutoka dirishani kwake. Ilihitaji kuachwa wazi muda mrefu mno, saa nyingi za mchana, na kwa hiyo jua lilipata nafasi ya kuhama kutoka upande mmoja wa ua hadi mwingine. Kuta zinazotazamana zote zimeangazwa. Ni picha isiyo na wakati wake wa siku, kwa sababu vivuli vya asubuhi na vya alasiri vimefutana. Kila nikiitazama naona kwamba kazi nzima iliyofuata baadaye, ya kutengeneza kemikali zinazoshika nuru upesi zaidi na lenzi pana zaidi, ilikuwa pia kazi ya kukirudisha kivuli mahali pake.

Zanzibar haikuchelewa kuipokea sanaa hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 A. C. Gomes, mwenye asili ya Goa, alikuwa na studio mjini, na picha zake zilisafiri hadi Ulaya zikiwa kadi za posta. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo baadaye mwanawe Rohit aliiendeleza katika barabara inayoitwa sasa Kenyatta. Picha za studio hiyo za nyeusi na nyeupe, za mitaa, za bandari na majahazi, za watu waliovaa vizuri kwa siku yao, zimekuwa kumbukumbu ya mji. Nikiziangalia nazitazama kwanza kwa vivuli. Katika nyeusi na nyeupe hakuna rangi ya kukufichia udhaifu. Kama mwanga ulikuwa mbaya, picha haina pa kujificha. Mtaa wa Mji Mkongwe katika picha ya aina hiyo hujengwa na vipande viwili tu, kile kilichopigwa na jua na kile kilichonyimwa, na mpigaji aliyesimama akisubiri mtu mwenye kanzu avuke kutoka kimoja hadi kingine amefanya nusu ya kazi yake kabla ya kuinua kamera.

Mbali na hapa, kule Bamako, Seydou Keïta alifanya kazi tangu 1948 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akiwapiga watu uani kwake kwa mwanga wa jua, mbele ya vitambaa vya maua, kwa kamera kubwa ya negativu za sentimita 13 kwa 18. Mara nyingi alipiga mara moja tu kwa kila mteja, maana filamu ilikuwa ghali. Hebu fikiria maana ya kupiga mara moja tu katika ua ambao mwanga wake unahama. Uamuzi wote unafanyika kabla: saa ya kumwita mteja, upande wa kumgeuzia, kiasi cha kidevu kuinuliwa. Nguo zenye michoro mbele ya kitambaa chenye michoro zingeungana zikawa vurugu, lakini nuru yake inautenga mwili na kitambaa kwa kivuli chembamba begani. Sijui picha nyingine za Afrika zilizonifundisha zaidi kutazama.

Ngozi zetu ndizo sababu nyingine ya ufundi huu kuwa na thamani ya pekee kwetu. Ngozi nyeusi hujionyesha zaidi kwa mng'ao wake kuliko kwa weupe inaourudisha. Ukiiangaza kwa chanzo kidogo na kikali, kama flashi ya juu ya kamera, unapata vidoa vyeupe kwenye paji na puani na kwingineko giza. Ukiiangaza kwa chanzo kipana, dirisha, ukuta, anga la mawingu, mng'ao unatandaa juu ya mfupa wa shavu na kushuka taratibu, na uso unasimama kama ulivyo. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilipima usahihi wa rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, kadi zilizoitwa za Shirley, na watu wenye ngozi nyeusi wakatoka kwenye picha wakiwa vivuli vyenye meno. Wapiga picha wa huku hawakusubiri kiwanda kibadilike. Waliwasogeza watu barazani.

Ndiyo maana inaniuma kuona leo studio zinazompausha kila anayeingia, uso wa kahawia ukitolewa wa maji ya kunde, kana kwamba wazazi wa bibi harusi hawaijui rangi ya mtoto wao. Ule si wema. Rangi ya mtu ikiangazwa vizuri haihitaji kuongezwa wala kupunguzwa, na aliyeshindwa kuiangaza asiilaumu ngozi.

Harusi za pwani zina mtihani wake mkali: kanzu nyeupe na buibui jeusi katika fremu moja. Kipima mwanga cha kamera hakijui harusi. Kinaamini kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, kinarudisha asilimia 18 ya nuru, rangi ya kijivu cha katikati. Ukimwelekezea bwana harusi na wajomba zake waliojipanga kwa kanzu, kinadhani kuna nuru kupita kiasi na kuifanya picha iwe na giza; kanzu inatoka ya jivu. Kielekeze kwa akina mama waliovaa mabuibui, nacho kinazidisha, buibui linapauka na nyuso zinaungua. Mafundi wa zamani hawakukiuliza. Walikuwa na kile kikaratasi kilichokuja ndani ya boksi la filamu, chenye mchoro wa jua, wa wingu na wa kivuli: jua kali, filamu ya ISO 100, tundu la lenzi f/16 na kasi ya 1/125, kivuli kilicho wazi, fungua hatua 3, yaani f/5.6, kwa kuwa nuru ya pale ni kama moja ya nane ya juani. Wengine hupima kiganja cha mkono wao. Kiganja hakitofautiani sana kati ya mtu na mtu, na kinarudisha karibu mara mbili ya kijivu kile. Kipime kikiwa katika nuru ileile ya mteja, ongeza hatua 1, umemaliza. Lakini hatua 3 kati ya jua na kivuli ni nyingi. Mwenye kanzu akisimama juani na mwenye buibui kivulini, hakuna namba itakayowaokoa wote wawili. Wote waingie kivulini, na kanzu zikae ndani zaidi kidogo.

Masika hulegeza yote hayo. Kuanzia Machi hadi Mei wingu linafunika, na anga zima linakuwa chanzo kimoja kipana. Vivuli vinapotea karibu kabisa, watu wanaweza kupangwa popote, na wanaojifunza hupenda miezi hiyo kwa sababu haiwaadhibu. Mimi naiona kuwa miezi ya hatari iliyojificha. Nuru inayotoka kila upande haina la kusema juu ya umbo la kitu, na anga jeupe likiingia kwenye fremu linavuta jicho kutoka usoni. Mafundi wazuri hufanya mambo mawili: wanaliacha anga nje ya fremu, na wanatafuta kitu cha kukata nuru upande mmoja, mlango mweusi, ukuta ulioloa, hata mwamvuli ulioshikwa karibu na shavu. Wanaongeza kivuli pale ambapo wengine wanafurahi kwamba hakipo. Kisha mvua ikikatika, kwa muda mfupi njia za mawe zinang'aa, hewa imeoshwa, na jua linapenya chini ya ukingo wa wingu. Hapo hakuna wa kumzuia mtu aliyeacha chakula mezani.

Kipupwe cha Juni hadi Agosti kina jua lililo chini kuliko wakati wowote wa mwaka na hewa safi; nimekwisha kulisifu pale kichochoroni. Vuli inakuja na mawingu makubwa yanayotembea, jua linawaka na kuzimika ndani ya dakika, na mpiga picha anajifunza kusubiri akiwa ameshapanga kila kitu. Kaskazi ya Desemba hadi Februari ina nuru nyeupe, kali, yenye joto, na ndiyo inayotaka kujua zaidi upande wa dirisha.

Lakini kuna kazi zisizomruhusu mpiga picha kuchagua saa. Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje, Jambiani, wanawake wamekuwa wakilima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na maji ndiyo yanayowaita. Siku za bamvu maji hukupwa kabisa katikati ya asubuhi, saa nne, saa tano, jua likiwa limeshapanda. Aliyesoma kwamba asipige picha saa hizo atarudi mikono mitupu. Anayejua huinamisha macho aone alichopewa chini: mchanga mweupe wa matumbawe na maji ya kifundo cha mguu, vyote vikirusha nuru juu. Mwanamke aliyeinama kwenye kamba za mwani, mtandio ukimkinga jua, uso wake umeangazwa kutoka chini na bahari yenyewe. Mpiga picha anapiga magoti majini ili aione hiyo nuru.

Jioni kwetu ni fupi, na ufupi wake unalazimisha nidhamu. Jua la ukanda huu huanguka karibu wima, kama nyuzi 1 kila dakika 4. Likibakiza nyuzi 6 kugusa upeo, saa ambayo kila kitu kinageuka dhahabu, una dakika 25 hivi. Kule London mwezi Juni ungekuwa na karibu mara mbili ya hizo. Na jua halizami mahali pamoja. Kati ya Juni na Desemba mahali pa kuzama huhama nyuzi 47 kwenye upeo, kwa hiyo ukuta uliopata dhahabu ya mwisho wakati wa kipupwe huenda ukawa kivulini wakati wa kaskazi. Familia ya harusi ikimwambia fundi, "Tutakuja baada ya alasiri, Inshallah," anayeijua kazi atauliza mwezi gani kabla hajasema ni wapi wakutane.

Siku hizi simu zimejifunza kuziinua sehemu zenye giza na kuzishusha zenye jua, zikichanganya picha kadhaa kwa mpigo ili kila kitu kionekane. Ni msaada kwa anayetaka kumbukumbu. Kwa anayetaka picha ni hasara, kwa sababu simu haiulizi kama giza la nyuma ya yule mtu tuliyemkalisha msanani kule Lamu lilikuwa limetafutwa. Vijana ninaowaheshimu wamejifunza kulizima jambo hilo. Hushusha mwanga kwa kidole hadi shavu liwe sawa, na kinachoingia gizani wanakiacha kiingie.

Vijana haohao wana programu zinazochora njia ya jua kwa tarehe yoyote, na wanazitumia vizuri. Mimi sizipingi. Programu itakueleza jua la tarehe 21 Juni litakuwa wapi saa tisa alasiri, na haitakosea. Haitakueleza kama roshani ya mtaa ule bado imesimama, kama mwarobaini wa uani umekatwa, au kama mwenye nyumba ya mkabala amechoka na chokaa mwaka huu akaamua kupaka buluu. Ukuta huo ukipakwa buluu, kila uso uliokuwa ukipigwa picha mbele yake utatoka na ubuluu, na fundi ataanza upya kuzunguka mtaani, kwa miguu, akitafuta ukuta mwingine mweupe wenye jua juu yake.